Si Kila Pengo Linahitaji Mfupa Mpya

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Tanga, asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na wazee wa safu za mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze kuhusu implanti za meno, yaani skrubu ndogo za titaniamu zinazopandikizwa ndani ya mfupa wa taya ili zishike jino la bandia, na hasa hili suala la kuongezewa mfupa ambalo naambiwa limewatia wengi wenu hofu. Najua linavyokuja. Mtu amelipwa mafao yake, amejinyima, ametenga fungu la kuziba pengo ambalo limemkera miaka. Anaingia kwa daktari wa meno, anapigwa picha, daktari anaitazama, anakohoa kidogo, anasema: "Mzee, mfupa hautoshi. Tutapandikiza mfupa kwanza." Mzee anatoka pale kashika karatasi ya bei, na bei yenyewe ni karibu mara mbili ya alichotarajia. Hakuelezwa mfupa wake ulikwenda wapi, huo mwingine unatoka wapi, wala kama kuna njia ya kuukwepa.

Niweke msimamo wangu wazi mapema msije mkasema nimewazungusha. Kupandikiza mfupa ni tiba nzuri, na wapo wagonjwa ambao bila hiyo hawapati jino. Lakini wengi wanaoambiwa ni lazima wana njia nyingine, na ni haki yao kuisikia kabla hawajatoa hata shilingi.

Kwanza, mfupa umekwenda wapi? Ule mfupa unaozunguka mizizi ya meno upo kwa ajili ya meno. Unapotafuna, mzizi unaukandamiza kidogo, na mwili unauona mfupa una kazi, unauhudumia. Siku jino linapong'olewa kazi imekwisha, na mwili wetu haufugi asiyefanya kazi. Unaanza kuuyeyusha. Unaotangulia ni ukuta wa nje, ule ulio upande wa shavu na mdomo, kwa sababu ni mwembamba mno. Kwenye meno ya mbele ya juu mara nyingi haufiki milimita 1. Watafiti wa Denmark walifuatilia wagonjwa waliong'olewa meno, na mwaka 2003 wakachapisha walichokiona: ndani ya miezi 12 upana wa mfupa ulipungua karibu nusu, na theluthi mbili za upungufu huo zilitokea katika miezi 3 ya kwanza. Miezi mitatu. Wengi wetu muda huo bado tunajiambia tutalishughulikia pengo tukipata nafasi.

Meno ya nyuma yana shida ya ziada. Juu, kwenye magego, nyuma ya shavu kuna uwazi wenye hewa tunaouita sainasi, na magego yakitoka uwazi ule hushuka kuelekea mdomoni. Mfupa unaliwa kwa chini na kumegwa kwa juu. Taya la chini halina sainasi, ila mshipa wa fahamu unaoleta hisia kwenye mdomo na kidevu unapita ndani ya mfupa wenyewe. Implanti ya kawaida ina urefu wa kama milimita 10, na daktari anataka ibaki nafasi ya milimita 2 kati ya ncha yake na mshipa ule. Ukiugusa, mgonjwa anaweza kurudi nyumbani na mdomo wenye ganzi isiyoisha, chai inamchuruzika kidevuni hana habari.

Kwa hiyo siku muhimu kuliko zote katika habari hii ni ile ya kung'oa jino, na ndiyo siku ambayo mgonjwa na daktari wote wana haraka. Mgonjwa hajalala, anataka litoke. Foleni nje ni ndefu. Gego la juu lina mizizi mitatu iliyotanuka. Ukilikamata kwa koleo na kulitikisa kwa nguvu litatoka, lakini mara nyingi litatoka na kipande cha ule ukuta wa nje kimeng'ang'ania kwenye mzizi. Mgonjwa akioneshwa anadhani ni uchafu wa jino. Ni mfupa wake. Njia ya taratibu ni kulikata jino katikati kwa mashine, mizizi ikatolewa mmoja mmoja, ukuta ukabaki mahali pake. Inachukua dakika nyingi zaidi na inamchosha daktari. Nawaomba, mkiwa na nia ya kuweka implanti baadaye, mseme kabla ya sindano ya ganzi. Daktari akijua, atang'oa kwa namna nyingine, na anaweza kulijaza lile shimo kwa chembechembe za mfupa siku hiyo hiyo, akalifunika na kushona. Hilo halizuii kabisa mfupa kupungua, msidanganywe, ila linapunguza, na mara nyingi linatosha kumwepusha mtu na upasuaji mkubwa mbele ya safari.

Na kabla ya hapo, uliza kama jino lenyewe haliwezi kuokolewa. Jino lililooza hadi ndani bado linaweza kutibiwa mzizi na kuvishwa kofia. Mzizi wako mwenyewe, ukiwa mzima, unatunza mfupa kuliko chochote tutakachokuuzia.

Sasa tuseme mfupa umeshakwenda. Huo wa kupandikiza unatoka wapi? Hapa nitakaa kidogo, maana maswali mengi yaliyoletwa kwa karatasi yanahusu hili.

Upo mfupa wako mwenyewe. Unachukuliwa kidevuni, au nyuma ya taya la chini karibu na gego la mwisho, na kwa kazi kubwa unachukuliwa kwenye nyonga. Ni mfupa hai, una chembe hai zake, na mwili haubishani nao. Ubaya wake ni kwamba unapasuliwa sehemu mbili badala ya moja. Wapo waliotolewa mfupa kidevuni, taya likapona vizuri, lakini meno ya mbele ya chini yakabaki kama yana ganzi.

Halafu kuna mfupa wa binadamu mwingine, aliyekubali kutoa viungo vyake baada ya kufa, ukasafishwa na kukaushwa. Kuna wa mnyama, ng'ombe hasa, lakini pia nguruwe na farasi. Na kuna wa kutengenezwa kiwandani kutokana na madini ya kalsiamu na fosfeti, au aina ya kioo ambacho mfupa hukishika. Kioo hicho kilianzishwa na Larry Hench huko Marekani mwaka 1969.

Vitu hivi huletwa kama unga wa chembechembe, na watu wanadhani unga huu ukishawekwa unageuka kuwa mfupa. Fikirieni yale majukwaa ya miti wanayopandia mafundi wakijenga ghorofa: jukwaa si ukuta, lakini bila jukwaa fundi hafiki juu. Chembechembe hizi zinashikilia nafasi ili chembe hai za mfupa wako zipite katikati na kujenga. Ndiyo maana tunasubiri miezi 4, 6, wakati mwingine 9. Mfupa wa ng'ombe unakawia sana kuyeyuka, na baada ya miaka bado unaonekana kwenye picha, ukiwa umezungukwa na mfupa wako. Hilo si kasoro. Kukawia kwake ndiko kunakolinda umbo.

Karatasi mbili zimeuliza kuhusu nguruwe, na moja, naamini kutoka kwa ndugu yetu Mhindu, imeuliza kuhusu ng'ombe. Nitajibu kwa nilichonacho. Mfupa wa ng'ombe uliotengenezwa kwa tiba huondolewa nyama, mafuta na protini kwa moto mkali au kwa kemikali hadi yakabaki madini tu. Lakini juu ya unga ule mara nyingi tunatandika utando mwembamba ili fizi isiingie mahali pa mfupa, na utando unaotumika sana duniani umetokana na nguruwe. Upo wa ng'ombe, na upo wa kutengenezwa. Mgonjwa anauliza unga umetoka wapi, anajibiwa ng'ombe, anaridhika, na utando hakuna aliyeuzungumzia. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama daktari hakukusudia. Uliza vyote viwili, taja na uzi wa kushonea ukitaka, na uombe kuoneshwa boksi. Hukumu ya dini mpelekee sheikh wako, mchungaji wako au pandit wako. Kazi ya daktari ni kukwambia ukweli wa kilichomo kwenye kichupa.

Jambo hili halijaanza na sisi. Mwaka 1668 daktari mpasuaji wa Uholanzi, Job van Meekeren, aliandika kisa cha askari wa Urusi aliyezibwa tundu la fuvu kwa kipande cha mfupa wa mbwa. Kanisa lilipopata habari likamtenga. Askari akarudi kuomba kitolewe, na daktari alipotazama akakuta kimeshika, hakitoki. Kisa hiki kinasimuliwa kama mwanzo wa maandiko ya kupandikiza mfupa, na mimi ninachokiona humo ni mgonjwa ambaye suala la imani lilimfikia akiwa ameshashonwa.

Kazi inayofanywa sana ni ya kuinua sakafu ya sainasi. Niwaelezee ilivyo, maana jina linatisha kuliko kitendo. Baada ya ganzi, fizi ya juu ya nyuma inafunuliwa, na kwenye mfupa wa pembeni linachongwa dirisha dogo. Nyuma ya dirisha kuna ngozi laini inayofunika sainasi kwa ndani, rangi yake kama ya samawati iliyofifia, na ukitulia unaiona inapanda na kushuka mgonjwa anapopumua. Daktari anaibandua polepole kwenye mfupa kwa vijiko vilivyopinda, anaiinua, na nafasi iliyopatikana chini yake inajazwa unga wa mfupa. Hofu kubwa ni ngozi ile kutoboka, na kwenye tafiti hutoboka kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano. Tundu dogo hufunikwa kwa utando na kazi ikaendelea. Kubwa, unashona, unasubiri miezi, unajaribu tena. Baada ya hapo hakuna kupenga kamasi kwa nguvu kwa wiki kadhaa, na chafya unaitoa mdomo ukiwa wazi. Mgonjwa mwenye mafua asiende kabisa siku hiyo.

Hiyo ndiyo gharama yake halisi. Fedha, ndiyo, maana vifaa vinanunuliwa kwa dola, lakini na miezi, uvimbe, na nafasi ya jambo kwenda kombo. Sasa njia nyingine.

Iliyobadilisha mambo zaidi, kwa maoni yangu, ni implanti fupi. Zamani tuliamini ndefu ndiyo imara. Leo zipo za milimita 6 na 8, na uso wake umekwaruzwa kitaalamu ili mfupa uushike vizuri. Tafiti zilizolinganisha implanti fupi zilizowekwa kwenye mfupa uliopo na ndefu zilizowekwa baada ya kupandikiza zinaonesha kwamba kwa miaka mitano hivi zinadumu kwa kukaribiana, na za kupandikiza ndizo zenye matatizo mengi zaidi, hasa taya la chini nyuma. Kwa hiyo mtu mwenye mfupa wa milimita 8 juu ya mshipa wa fahamu akiambiwa lazima aongezewe urefu, mimi ningemshauri apate maoni ya daktari wa pili. Ila kama amebaki na milimita 3 chini ya sainasi, hapo daktari wake ana hoja.

Mfupa ukiwa mrefu lakini mwembamba, kuna implanti nyembamba, na kuna namna ya kuupasua ukingo wa mfupa katikati kwa uangalifu ukatanuka na kuipokea implanti. Hili linafaa zaidi taya la juu, ambako mfupa ni laini.

Kwa aliyepoteza meno yote, fikra ni tofauti kabisa: badala ya kupeleka mfupa kwenye implanti, unaipeleka implanti mfupa ulipo. Mwasisi wa tiba hii, Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, ndivyo alivyoanza. Mwaka 1952, akichunguza mifupa ya sungura, aligundua kwamba kifaa chake cha titaniamu kimeshikana na mfupa hakitoki. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, akamwekea implanti Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya. Zilimtumikia zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 2006. Kwa wagonjwa wa taya la chini aliziweka mbele, katikati ya kidevu, kwa sababu mfupa pale hubaki hata nyuma kukiisha. Baadaye daktari Paulo Malo wa Lisbon, Ureno, akatangaza njia ya implanti nne, mbili za mbele wima na mbili za nyuma zikilazwa mshazari ili zikwepe sainasi au mshipa, na safu nzima ya meno ikafungwa juu yake. Na kwa taya la juu lililokwisha kabisa zipo ndefu sana, milimita 30 hadi 50 na ushee, zinazokwenda kushika mfupa wa shavu. Hizo ni kazi ya mpasuaji aliyebobea, si za kujaribia.

Kuna tiba pia ya kuchukua damu yako, ikazungushwa kwenye mashine, ikatoka donge la rangi ya manjano linalowekwa kwenye jeraha. Alianzisha Joseph Choukroun, Mfaransa. Inasaidia fizi kupona, na faida yake kwangu ni kwamba ni damu yako mwenyewe, haina mjadala wa halali na haramu. Lakini nimeona matangazo mitandaoni yanayosema inaotesha mfupa peke yake. Yachukulieni kwa tahadhari.

Nifike sasa kwenye njia ambayo haiuzwi, na kwa hiyo hamtaisikia sana: kuliacha pengo.

Daktari wa meno Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, mwaka 1981, alitoa hoja kwamba mtu mzima hahitaji meno yote 28 ili aishi vizuri. Meno ya mbele na magego madogo yanayofuata yakikutana vizuri juu na chini, wengi wanamudu. Hoja hiyo ilipimwa wapi kwa upana? Hapa hapa Tanzania. Mwaka 2003 mtafiti Sarita na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Nijmegen, walichapisha matokeo ya kuwachunguza Watanzania watu wazima zaidi ya 700 waliokuwa wamepoteza magego. Waliobaki na magego madogo yote pamoja na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walisema wanatafuna vya kutosha. Waliobaki na magego madogo tu walipata taabu na vyakula vigumu. Walioteseka hasa ni wale ambao hata magego madogo yalikuwa yameondoka.

Mimi utafiti huu naupenda kwa sababu waliohojiwa wanakula tunachokula. Kwa hiyo mama aliyeng'olewa gego la mwisho kabisa, mengine yote yapo, anaambiwa ainuliwe sainasi ili aliweke tena: swali langu kwake ni moja, unashindwa kula nini? Akinijibu hakuna, basi hela hiyo akaezekee banda la kuku. Akiniambia nyama inamshinda upande huo na upande wa pili umeshachoka, tuna mazungumzo mengine.

Kwa pengo la jino moja la mbele, daraja linaloshikiliwa na jino la jirani linaweza kutosha. Lipo linalogundishwa kwa nyuma bila kulichonga jirani sana. Na meno ya bandia ya kuvaa na kuvua yasidharauliwe, yakitengenezwa na fundi mzuri.

Tahadhari niziseme haraka. Sukari isiyodhibitiwa, sigara, na ugonjwa wa fizi ambao haujatibiwa, vyote vitaangusha mfupa wa kupandikiza na implanti pia. Fizi zitibiwe kwanza. Waliopigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, au wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa zile za kuchomwa sindano, wamwambie daktari wa meno kabla hajagusa chochote, hata kung'oa. Na asipandikizwe mtu kwa picha ya kawaida ya eksirei peke yake. Picha ile inaonesha urefu wa mfupa, upana hauonekani. Inahitajika picha ya CT ya taya, ile inayoonesha na upana, na picha hiyo ni yako, iombe uondoke nayo.

Zimebaki karatasi mbili. Ya kwanza inauliza: nikipandikizwa mfupa halafu nisiweke implanti, mfupa utabaki? Hautabaki wote. Usipopewa kazi utaanza kupungua kama ule wa mwanzo, kwa hiyo usianze hatua ya kwanza kama hela ya hatua ya pili haijaonekana.

Ya pili imeandikwa na mzee ambaye hana jino hata moja chini. Anasema meno yake ya bandia ya chini yanaelea anapoongea, amepewa bei ya kupandikizwa mfupa kutoka nyonga na implanti sita, na anauliza auze kiwanja au asiuze. Mzee wangu, usiuze kwanza. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walikubaliana kwamba kwa mtu kama wewe chaguo la kuanzia ni implanti mbili tu, mbele ya taya la chini, zikiwa na vifungo vya kubana meno ya bandia unayoyavaa. Mfupa wa pale mbele kwa walio wengi unatosha bila kuongezwa. Unayavua usiku, unayaosha, asubuhi unayabana tena. Na kabla hata ya hizo mbili, yaliyopo yaangaliwe: kama ni ya miaka mingi, fizi imeshuka na yenyewe yamebaki vile vile, na kuyajaza upande wa ndani yakae upya ni kazi ndogo ambayo huenda ikakutosha. Nitakuwa pale kwenye meza ya chai. Njoo nayo nikuoneshe yanapogusa na yasipogusa.